Spika ya Kushoto

Siku ya kwanza Opereta kuingia dukani kwetu aliomba waya wa spika, mita kumi na nane, halafu akaomba tuzime redio. Ilikuwa saa nne asubuhi, mji wa Machakos umeshachangamka, na redio ya duka ndiyo iliyokuwa ikivuta wateja kutoka barabarani. Niliizima. Akasimama katikati ya duka na mwavuli wake, akapiga makofi mara moja, akainamisha kichwa.

"Duka lenu ni bati tupu," akasema. "Humu hata spika nzuri italia kama sufuria."

Kisha akautazama waya niliokuwa nikiupima na kuniambia nimepunja nusu mita. Nilikuwa nimepunja kweli, bila kukusudia.

Jina lake halisi nililiona baadaye sana, kwenye kadi ya hospitali, na sikuwahi kulitumia. Mji mzima ulimwita Opereta. Zamani, kabla ya kila mtu kutembea na simu mfukoni, yeye ndiye aliyekaa mbele ya ubao wa simu, vidude vya kusikilizia vimembana masikio, akichomeka waya huu hapa na ule pale ili mtu wa Machakos aongee na mtu wa Kangundo au wa Mombasa. Mimi nilimwita mwaitu, mama, kama tunavyowaita wanawake wa umri wake huku Ukambani. Yeye aliniita fundi tangu siku hiyo, bila kushangaa kwamba fundi ni mwanamke. Wateja wengine huniuliza fundi mwenyewe atakuja saa ngapi.

Waya ule ulikuwa wa risiva, ile mashine nyeusi, nzito, inayopokea sauti ya runinga na kuigawa kwa spika tano na wufa moja, ile spika kubwa ya sauti nene. Watu wengi hununua vitu hivi ili majirani wasikie. Opereta alikuwa na mitambo iliyoshinda ya baa nyingi za mjini, na katika miaka kumi na moja niliyomjua sikusikia sauti ya mitambo hiyo ikivuka ukuta.

Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, njia ya kupandia milima ya Iveti. Sebule ilikuwa na kiti kimoja. Si kwamba hakuwa na vingine, aliviondoa. Alisema viti vitupu hutafuna sauti vibaya kuliko viti vyenye watu, na kwa kuwa vyake vilikuwa vitupu siku zote, vilikuwa vinamharibia hesabu. Ukutani, mahali ambapo watu huweka picha za harusi na za mahafali, yeye alitundika blanketi mbili za kijivu ili chumba kisirudishe mwangwi. Mgeni akikaribishwa aliletewa kigoda kutoka jikoni, na akiondoka kigoda kilirudishwa jikoni.

Tulipofunga spika zile mara ya kwanza, kila kitu tulipima kwa futi ya fundi cherehani: kutoka kwenye kiti hadi spika ya kulia, kutoka kwenye kiti hadi ya kushoto, hadi zile mbili za nyuma, hadi ya katikati chini ya runinga. Vipimo hivyo huandikwa ndani ya risiva ili sauti zote zimfikie msikilizaji kwa wakati mmoja, hata kama spika moja iko mbali kuliko nyingine. Jambo hilo lilimfurahisha kama mtoto.

"Kwa hivyo iliyo karibu inangojea iliyo mbali?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Hiyo ni adabu," akasema. "Watu hawana."

Nilipowasha, alisikiliza sekunde chache tu, akaniambia nizime. "Hii ya nyuma, upande wa kulia, inavuta wakati zingine zinasukuma." Nilienda nyuma ya spika nikakuta nimechomeka waya kinyume, nyekundu kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu. Kosa hilo hata fundi mwenye mtambo wa kupimia huweza kulipita. Nililirekebisha kimya kimya, nimegeuza uso.

Kulikuwa pia na ile siku ya wufa. Kuna ujanja wa kutafuta mahali pa kuiweka: unaikalisha wufa juu ya kiti cha msikilizaji, unapiga muziki wenye besi, halafu unatambaa sakafuni ukisikiliza kila pembe. Pale besi inaposikika safi, bila kunguruma wala kupotea, ndipo wufa itakaa. Nilimweleza nikijua nitatambaa mimi.

"Utatambaa na masikio ya nani?" akauliza, na tayari alikuwa akivua viatu.

Basi Opereta, na gauni lake la kanisani, akaanza kutambaa kando ya ukuta, macho ameyafumba. Mambo yakaenda hivyo mpaka wanawake wa jumuiya yake ya kanisa walipofika kwa sala ya Jumamosi. Walibisha hodi, besi ikameza hodi yao, wakafungua mlango. Wakamkuta mwenye nyumba kwa magoti nyuma ya kabati, mimi nimesimama kama mganga, na wufa imekaa juu ya kiti kama mgeni wa heshima. Kiongozi wao akaanza Salamu Maria kwa sauti ya kutetemeka.

Opereta akainua kidole bila kufumbua macho. "Ngojeni. Niko karibu kufika."

Wakangoja. Alipopata mahali pake, akasimama, akajifuta magoti, akawatolea chai, na sala ikaendelea. Lakini tangu siku hiyo jumuiya ilikutana kwenye nyumba nyingine. Hakuna aliyemtangazia, zamu yake haikufika tu. Nilimuuliza kama imemuuma. "Wamenisahau kwa orodha," akasema, kisha akaniuliza kama nadhani blanketi ya tatu itafaa.

Mashine yenyewe ilikuja na maiki yake ndogo ya kupimia. Unaiweka kwenye kiti, kimo cha masikio, unanyamaza, na risiva inalia kwenye kila spika moja moja, ikijisikiliza na kujipanga: hii ipandishwe, ile ishushwe, mpaka zote zilingane pale kitini. Opereta aliikataa. "Hiyo inajua kupima. Haijui kusikiliza." Akachukua rimoti, akakaa, akapanga namba zote mwenyewe kwa sikio, spika baada ya spika. Alipoenda kuchemsha chai, mimi, kwa udadisi, nilichomeka maiki nikapima. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa nusu namba. Nilirudisha vipimo vyake na sikumwambia, ila nadhani alisikia ile milio kutoka jikoni, maana chai ililetwa na tabasamu.

Kwa masikio kama hayo angeweza kuwa mwanamke wa kuogopwa. Alijua nani alilia akiomba msamaha kwa simu, nani alikuwa na nyumba ya pili, ni mwalimu mkuu gani aliyempigia simu mama yake kila siku hadi alipozeeka. Hakusema. "Opereta ana masikio mawili na hana mdomo," alizoea kusema, na ukileta umbea wa jirani alikugeuzia mgongo akapangusa runinga. Mara moja tu nilimwona akivunja sheria yake. Tulikuwa sokoni, na mzee mmoja aliyevaa koti safi alikuwa akibishania avokado. Opereta akasimama ghafla.

"Habari ya Kangundo?" akamwuliza.

Mzee akageuka. "Tunajuana, mama?"

"Ulikuwa unapiga simu Kangundo kila Ijumaa saa kumi. Huyo dada alikubali?"

Mzee aliigeuza avokado mkononi. "Alikubali," akasema mwishowe. "Alituacha mwaka juzi."

"Pole sana. Alikuwa na kicheko kizuri."

Nilidhani wataongea. Lakini mzee alimtazama kama mtu aliyegundua kwamba dirisha la chumba chake cha kulala halikuwahi kuwa na pazia. Akaweka avokado chini, akaondoka bila kununua. Opereta alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye watu.

"Miaka sita nilimuunganisha," akasema. "Na kila Ijumaa alisema asante, opereta. Hata siku moja hakuuliza jina."

Utauliza alisikiliza nini kwenye mitambo ile yote. Filamu hakuzipenda, alisema watu wanauana bila sababu na muziki unawasaidia. Alipenda mpira. Hakujua timu, na sheria hazikumhusu. Alipenda uwanja: watu elfu nyingi wakipumua nyuma yake kwenye spika za nyuma, wakishangilia kulia, wakiguna kushoto. "Watu wote hawa ndani ya nyumba yangu," aliniambia siku moja, "na hakuna hata mmoja anaomba chai." Alicheka, nami nikacheka. Nilipofika kwangu sikukumbuka kilichotuchekesha.

Jamaa wake wa karibu alikuwa Mumbua, binti wa marehemu dada yake, anayefanya kazi ofisini Nairobi na kukaa Syokimau na mume na watoto. Mumbua alipiga simu kila Jumapili alasiri. Opereta alinitaka niunganishe simu yake na risiva, nami nikafanya hivyo, na nilikuwepo Jumapili ya kwanza. Sauti ya Mumbua ikatoka kwenye spika ya katikati, pana, safi, ikajaa chumba hadi kwenye blanketi. Opereta akakaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha.

"Anti, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Si ukuje ukae na sisi? Hiyo nyumba uko peke yako."

"Niko na vitu vyangu hapa."

"Haya basi Anti, wacha nione hawa watoto. Tutaongea."

Haikufika dakika mbili. Chumba kikanyamaza, na ukimya kwenye spika nzuri ni mzito kuliko ukimya wa kawaida. Opereta hakugeuka. "Ongeza kidogo hiyo ya katikati," akasema. Simu ilikuwa imeshakatika.

Nilienda kwake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kupangusa vumbi na kukaza waya. Mwaka wa tisa nilianza kuona namba zikibadilika. Spika ya kushoto, ambayo miaka yote ilikuwa kwenye sifuri, ilikuwa imepandishwa hadi moja. Baada ya miezi kadhaa, mbili. Halafu nne, na ile ya kushoto nyuma nayo ikafuata. Nilidhani spika inakufa. Nikazibadilisha, ya kulia nikaipeleka kushoto na ya kushoto kulia, nikasikiliza. Zote mbili zilikuwa nzima. Mwezi uliofuata kushoto kulikuwa sita, na mtu yeyote aliyeingia sebuleni angesema sauti yote inatoka upande mmoja kama maji kwenye sahani iliyoinama.

Spika haikuwa na ugonjwa.

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mashine, namba inawaka usoni pangu, nikahisi ananitazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mwaitu."

"Namba umeona?"

"Nimeona."

"Basi ukitoka, funga mlango polepole."

Hayo ndiyo yote tuliyosema. Nilijiambia ni siri yake. Nilijua pia anachoogopa: Mumbua akipata habari, nyumba itafungwa na yeye atapelekwa Syokimau kulelewa. Na kusema ukweli nilijisikia nimepewa heshima, kwamba mwanamke aliyetunza siri za mji amenipa mimi ya kwake. Miaka miwili nilikuja, nikapangusa, nikaona saba, nikaona nane, nikafunga mlango polepole.

Pikipiki ilimgonga asubuhi, akivuka barabara karibu na soko. Ilitoka kushoto. Nikiwa dukani nilisikia honi, halafu kelele, nikakimbia, nikamkuta ameketi chini, mfupa wa bega umevunjika, kofia yake ya kitambaa bado iko kichwani. Watu walikuwa wamemzingira mwenye boda boda, mwanamume mzima mwenye mvi za kwanza, na wengine walikuwa wameshaokota mawe.

"Nilipiga honi!" alikuwa akilia. "Jameni, nilipiga honi mara tatu! Mara tatu!"

Polisi walimwokoa kwa kumchukua. Kule hospitalini Opereta alifungwa bega, na afisa alipokuja kumwuliza, nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda.

"Mama, alipiga honi?"

Opereta alinitazama mimi, si yeye. "Hakupiga," akasema.

Mwanamke yule aliniambia nimepunja nusu mita ya waya. Mwanamke yule alisikia nyekundu na nyeusi zimebadilishana. Aliniangalia mpaka afisa alipomaliza kuandika.

Mumbua alifika mchana, ametoka kazini, viatu vya ofisi, macho mekundu. Alikuwa ameapa kwamba mtu yule ataozea ndani. Nilimvuta kwenye korido. Sikujipanga, nilifungua mdomo tu.

"Alipiga honi. Mimi nilikuwa dukani na niliisikia. Anti yako hasikii upande wa kushoto."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimeona kwa mashine yake."

"Tangu lini?"

Nilimwambia. Mumbua hakunipigia kelele. Alisema tu, "Miaka miwili, Mwende," na ndipo nikajua kwamba alikuwa akilijua jina langu, kwamba katika zile dakika mbili za Jumapili nilikuwa nikitajwa. Jioni hiyo mwenye boda boda aliachiliwa. Mwisho wa mwezi nyumba ya mteremkoni ilifungwa.

Karibu mwaka mzima ulipita kabla Mumbua hajanipigia. Alisema risiva imekaa kwenye sanduku tangu wahame, mafundi wawili wamekuja, na Anti amewafukuza wote. Nilienda Syokimau Jumamosi, nimejaza mkoba vifaa ambavyo havikuhitajika.

Ilikuwa ghorofa ya tatu. Mumbua alinifungulia, akawachukua watoto wakaenda kununua vitu, akatuacha. Opereta alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilimsalimu. Hakuitika. Nikaona nimestahili, nikafungua sanduku nikaanza kazi.

Sebule ile ilikuwa mbaya kwa sauti: vioo, vigae, makochi yaliyojipanga ovyo, maji yakishuka kwenye mabomba ya majirani. Nilipima kwa futi, nikavuta waya nyuma ya makochi, nikaweka spika tano na wufa. Nilipomaliza nikamkabidhi rimoti apange namba mwenyewe. Akaisukuma.

"Leo tumia maiki," akasema.

Niliiweka maiki juu ya kiti chake, yeye akasimama pembeni ameshika meza. Mara ya kwanza mashine ilikataa. Treni ilikuwa ikipita, na risiva ikaandika kwamba chumba kina kelele. Mara ya pili mtoto wa jirani alilia kwenye ngazi. Nikaenda kuzima friji, nikafunga madirisha. Mara ya tatu ilikubali, ikalia spika moja moja, ikakaa kimya, ikaonyesha namba zake. Opereta akarudi kitini, nikampigia ile sauti ya majaribio, ikizunguka chumba kutoka spika hadi spika.

"Zote ni sawa?" akauliza.

"Zote sawa, mwaitu."

"Mimi nasikia tatu."

Nilinyoosha mkono kuchukua rimoti. "Nipandishe kushoto?"

"Wacha. Mashine imesema ukweli. Wacha isimame hivyo." Kisha, bila kunitazama, "Yule mtu wa pikipiki, walimwachilia?"

"Siku ile ile."

"Yuko na watoto?"

"Wanne."

Akafunga macho. "Nilidanganya juu ya mtu ambaye sijui sauti yake." Akafumbua macho. "Na wewe ulijua. Kwa nini hukusema mapema?"

"Nilidhani unataka ninyamaze. Wewe ulinyamaza maisha yako yote."

"Mimi nilikuwa nalipwa kunyamaza," akasema. "Wewe alikulipa nani?"

Nilivuta kigoda cha plastiki nikaketi kando yake, na nikaanza kusema yale niliyoyabeba kutoka Machakos: kwamba anisamehe, kwamba niliogopa kumpoteza, kwamba tangu aondoke Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwa sijui niiweke wapi. Nilisema taratibu, kichwa chini, na nilipoinua macho nilimkuta amekunja uso.

"Unasema nini?" akauliza. "Hamia upande huu. Huko sikusikii."

Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jambo hilo. Nilibeba kigoda nikazunguka kiti chake, nikaketi kulia kwake, karibu hadi magoti yakagusana.

"Haya," akasema. "Sema."

Yale maneno yalikuwa yameshaniponyoka, na sikuweza kuyaanza upya. Basi nikamwambia habari za nyumbani. Kwamba duka letu sasa liko na dari ya mbao na halilizi spika kama sufuria. Kwamba jumuiya imepata kiongozi mwingine. Kwamba miembe ya Kangundo ilichanua mapema. Kwamba mvua ilikawia mpaka watu wakaanza kuuza mbuzi, halafu Jumatano iliyopita ikashuka kutoka Iveti, ya matone makubwa, ikapiga mabati ya mji mzima saa mbili mfululizo, na watu wakasimama milangoni mwa maduka bila kuongea.

Opereta alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kwangu.

"Rudia ile ya mvua," akasema.